Nukuu Imekatwa Wapi? Jinsi ya Kuhakiki Kauli ya Mwanasiasa Kuhusu Tabianchi

Mkutano mkubwa wa tabianchi ukikaribia, magrupu ya WhatsApp hujaa picha za viongozi zilizobandikwa maneno mazito: huyu kasema dunia inaisha, yule kasema zimebaki siku kadhaa, mwingine kasema sayansi yenyewe haipo. Anayetuma huongeza emoji ya kucheka au ya kulia, kutegemea yuko upande gani. Anayetaka kuhakiki naye huanza kwa kujiuliza kama maneno yametungwa. Kwa kauli za tabianchi, mara nyingi hayakutungwa. Yalisemwa kweli, kisha yakapitishwa mkasi: neno "kama" likaachwa nje, mwaka ukahamishwa, kejeli ikasomwa kama tangazo la serikali. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kutafuta kilichokatwa.

Mfano nitakaoushikilia zaidi ni kauli ya Alexandria Ocasio-Cortez, mbunge wa New York katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, ambayo husambazwa hivi: "Dunia itaisha baada ya miaka 12." Ni mfano mzuri kwa sababu wanaomshambulia wanaipenda, wanaomtetea wanaikana, na wote wawili hukosea jambo moja au jingine.

Unahitaji simu yenye bando na subira kidogo. Kompyuta hurahisisha kazi, lakini si lazima.

Hatua ya 1: Yaandike madai kama yalivyo

Kabla hujagusa Google, piga skrinshoti ya posti, kwa sababu posti za namna hii hufutwa. Kisha andika pembeni: nani, alisema nini, lini, wapi, kwa lugha gani. Nafasi zitakazobaki tupu zina maana. Nukuu isiyo na tarehe wala mahali haijawa uongo bado, ila aliyeitengeneza hakutaka uifuatilie, au naye aliokota kwa mwingine.

Angalia pia kama maneno yamo ndani ya alama za nukuu au ni mwandishi wa habari anayesimulia. Tofauti hii ndogo imezaa mojawapo ya kauli za tabianchi zilizoishi muda mrefu zaidi. Mwishoni mwa Juni 1989, shirika la habari la AP lilimtaja Noel Brown, afisa wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, aliyekuwa katika ofisi ya New York ya shirika hilo lenye makao makuu Nairobi. Habari ilieleza kwamba afisa huyo anasema mataifa mazima yanaweza kufutika kwenye uso wa dunia kwa kupanda kwa kina cha bahari, ikiwa mwelekeo wa ongezeko la joto hautageuzwa ifikapo mwaka 2000. Leo utaikuta imekuwa: "Umoja wa Mataifa ulisema nchi zitazama ifikapo mwaka 2000."

Isome tena taratibu. Mwaka 2000 katika habari ile ni ukomo wa muda wa kuchukua hatua. Haikuelezwa kwamba maji yatafika mwaka huo. Halafu sentensi hiyo haikuwekwa ndani ya alama za nukuu. Ni mwandishi aliyefupisha alichosikia. Kwa hiyo anayeiweka leo kwenye picha, na alama za nukuu, na jina la Brown chini yake, ameshaongeza chumvi mara mbili. Unaweza bado kusema onyo lile lilikuwa kali kupita kiasi, na hiyo ni hoja halali. Ila lijadili onyo lililotolewa.

Hatua ya 2: Ichunguze picha, lakini usikae hapo

Kama nukuu imekuja kwenye kadi yenye nembo ya gazeti au redio, ingia kwenye ukurasa rasmi wa chombo hicho uitafute kadi ile kwa tarehe yake. Nembo huibwa kirahisi, na hapa kwetu kadi bandia zenye nembo za vyombo vinavyoheshimika ni jambo la kila msimu wa uchaguzi. Linganisha aina ya herufi, rangi, na namna chombo kinavyoandika tarehe. Picha yenyewe ipitishe kwenye Google Lens au TinEye, zana za kutafutia picha, uone imewahi kutokea wapi. Mara nyingi utakuta sura ya hasira ya kiongozi ilitoka kwenye shughuli nyingine kabisa.

Kadi bandia haithibitishi kwamba maneno ni bandia. Watu hutengeneza kadi zao kwa maneno ya kweli. Kwa hiyo endelea.

Hatua ya 3: Irudishe kauli kwenye lugha iliyosemwa

Ukitafuta kauli ya Ocasio-Cortez kwa Kiswahili utapata nakala za nakala tu. Alizungumza Kiingereza, basi tafuta kwa Kiingereza. Ikiwa kiongozi ni Mfaransa, tafuta kwa Kifaransa, hata kama itabidi programu ya kutafsiri ikusaidie. Hali kadhalika upande wa pili: kauli ya waziri wa Tanzania unayoiona kwa Kiingereza huenda ilisemwa kwa Kiswahili jukwaani Dodoma.

Usiingize nukuu nzima kwenye kisanduku cha kutafutia. Neno moja likitofautiana hutapata kitu. Chagua vipande vifupi vyenye sura ya pekee, hasa namba, uvizingire kwa alama za nukuu. Kwa mfano wetu ilitosha kuandika jina lake na "12 years". Kisha tumia zana za kuchuja tarehe, upunguze matokeo hadi ya kwanza kabisa. Unachotaka ni siku kauli ilipozaliwa. Posti ya jana haina msaada mkubwa, hata ikiwa na likes laki mbili.

Kwa njia hii kauli ya miaka 12 inakupeleka kwenye tarehe 21 Januari 2019, siku ya kumkumbuka Martin Luther King, kwenye mazungumzo ya hadhara kati ya Ocasio-Cortez na mwandishi Ta-Nehisi Coates jijini New York. Alikuwa hajamaliza hata mwezi bungeni.

Hatua ya 4: Fika kwenye chanzo chenyewe

Habari kuhusu hotuba si hotuba. Tafuta video au kumbukumbu rasmi. Kwa wanasiasa wa Marekani, hazina ya C-SPAN, televisheni inayorusha shughuli za bunge na siasa za huko, ni kubwa mno na inaruhusu kutafuta ndani ya maneno yaliyosemwa. Kwa mikutano ya Umoja wa Mataifa kuna UN Web TV, na tovuti ya sekretarieti ya tabianchi, UNFCCC, huweka matamko ya nchi yaliyotolewa kwenye kila COP, yaani mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa. Kwa yaliyosemwa bungeni, Uingereza na Kenya zina Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, zinazosomeka mtandaoni, na Bunge la Tanzania huchapisha majadiliano yake kama Taarifa Rasmi, kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na vigelegele na makofi kwenye mabano. Hotuba za marais hupatikana kwenye tovuti na chaneli za YouTube za Ikulu.

Tahadhari moja hapa. Nakala ya hotuba inayogawiwa waandishi huandaliwa kabla. Mara nyingi juu yake huandikwa kwamba ilinganishwe na yaliyotamkwa, kwa sababu kiongozi akishapanda jukwaani huweza kuacha karatasi na kuanza kuzungumza kwa moyo. Nakala na video zikitofautiana, shika video. Na kama kauli ilitoka kwenye mkutano wa hadhara kijijini, hakuna nakala yoyote. Utategemea video za waliokuwepo, na ni vizuri zipatikane angalau mbili zilizopigwa kutoka pembe tofauti.

Video ndefu isikutishe. YouTube ina maandishi yanayokwenda na sauti: fungua maelezo ya video, utaona sehemu ya kuyaonyesha. Yafungue, tumia "tafuta katika ukurasa", andika namba au neno lako. Maandishi hayo hutengenezwa na mashine na hukosea majina, hivyo yatumie kukufikisha kwenye dakika husika tu, kisha sikiliza kwa sikio lako.

Hatua ya 5: Sikiliza kabla na baada

Usisikilize sentensi moja. Anza dakika tano nyuma, malizia dakika tano mbele, na ujiulize maswali manne: anajibu swali gani, anamsemea nani, kuna sharti gani, na anaelekea wapi na hoja yake.

Kwa Ocasio-Cortez, majibu ni haya. Anazungumzia tofauti ya vizazi. Anaigiza sauti ya vijana wanaowaambia wakubwa, kwa maana yake: dunia itaisha baada ya miaka 12 kama hatutashughulikia mabadiliko ya tabianchi, na ninyi suala lenu kubwa ni tutalipaje? Sharti lipo, liko wazi, liko katikati ya sentensi. Na mwisho wa sentensi, ambao picha hazibebi kamwe, ndio ulikuwa lengo lake: kuwalaumu wanaouliza gharama kwanza.

Mei 2019 mwenyewe aliandika Twitter kwamba yale yalikuwa mzaha mkavu na kejeli, na kwamba anayeyachukua kama yalivyo ana uelewa wa kijamii wa sponji ya baharini. Mimi naona utetezi huo unatosha nusu. Kuisha kwa dunia ni kutia chumvi, sawa. Namba 12 haikuwa mzaha. Ilikuwa na mahali ilipotoka, na tutaifuata kwenye hatua inayofuata.

Mfano wa pili unaonyesha kwamba mkasi hukata pande zote. Tarehe 21 Novemba 2023, kwenye mazungumzo ya moja kwa moja mtandaoni, Mary Robinson, rais wa zamani wa Ireland, alimbana Sultan Al Jaber. Huyu ni waziri wa Umoja wa Falme za Kiarabu, ni mkuu wa kampuni ya mafuta ya ADNOC, na siku chache baadaye alikuwa aongoze COP28 Dubai. Al Jaber alijibu kwamba hakuna sayansi wala makadirio yanayosema kuachana na nishati za kisukuku (mafuta, gesi na makaa ya mawe) ndiko kutakakofanikisha nyuzi 1.5, yaani kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 za Selsiasi juu ya kiwango cha kabla ya enzi ya viwanda. Akamtaka amwonyeshe ramani ya kuachana nazo huku maendeleo yakiendelea, labda kama anataka kuirudisha dunia mapangoni. Gazeti la The Guardian lilichapisha maneno hayo tarehe 3 Desemba, mkutano ukiwa unaendelea, na moto ukawaka. Kesho yake aliita waandishi wa habari, akiwa na Jim Skea, mwenyekiti wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, akasema anaiheshimu sayansi na kwamba amepotoshwa.

Ukisikiliza mazungumzo yenyewe utakuta pia alisema nyuzi 1.5 ndiyo nyota yake ya kumwongoza, na kwamba kupunguza na hatimaye kuachana na nishati hizo hakuepukiki na ni muhimu. Anayechukua kipande cha kwanza peke yake anamwonyesha mkanaji wa sayansi. Anayechukua cha pili peke yake anamwonyesha mtetezi wa mazingira. Mhakiki anaviweka vyote viwili mezani. Kipande cha mapangoni hakifutiki kwa sababu kile kingine kipo.

Na kuna kauli ambazo sharti lake limo ndani ya kipimo. Mia Mottley, waziri mkuu wa Barbados, alisema kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow tarehe 1 Novemba 2021 kwamba nyuzi 2 ni hukumu ya kifo kwa watu wa Antigua na Barbuda, Maldives, Dominica, Fiji, Kenya, Msumbiji, Samoa na Barbados. Ukiiona imefupishwa kuwa "Mottley: Kenya imehukumiwa kifo", kilichokatwa ni hizo nyuzi 2. Alikuwa anaomba dunia ibaki kwenye 1.5.

Hatua ya 6: Ifuate namba hadi kwa mwenyewe

Mwanasiasa anaposema namba, karibu kila mara ameiazima. Tafuta aliyemwazima.

Miaka 12 ilitoka kwenye ripoti maalumu ya IPCC kuhusu nyuzi 1.5, iliyotolewa Oktoba 2018 Incheon, Korea Kusini. Ilieleza kwamba ili joto lisizidi nyuzi 1.5, au lizidi kidogo tu, hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu ishuke kwa takriban asilimia 45 kutoka kiwango cha 2010 ifikapo 2030, na ifikie sifuri halisi, yaani inayotolewa isizidi inayoondolewa hewani, karibu na 2050. Kutoka 2018 hadi 2030 ni miaka 12. Vyombo vya habari vikaandika "tumebakiza miaka 12", wanaharakati wakaichukua, mbunge akaisema. Ripoti haina mahali inaposema dunia itaisha 2030. Inaeleza madhara yanayozidi kadiri joto linavyozidi.

Wakati mwingine mwenye namba huikana. Desemba 2009, Copenhagen, Al Gore, makamu wa rais wa zamani wa Marekani, alisema baadhi ya modeli za kompyuta zinampa Dkt. Wieslaw Maslowski, mwanasayansi wa barafu ya bahari, uwezekano wa asilimia 75 kwamba barafu ya Ncha ya Kaskazini inaweza kutoweka kabisa katika baadhi ya miezi ya kiangazi ndani ya miaka mitano hadi saba. Maslowski aliambia gazeti la The Times la London kwamba hajui namba hiyo imepatikanaje, na kwamba hangekadiria uwezekano kwa uhakika wa namna hiyo. Ofisi ya Gore ikajibu kwamba ilikuwa takwimu ya kukisia kutoka kwenye mazungumzo ya miaka ya nyuma. Hapa mhakiki ana mambo mawili ya kuandika kwa pamoja: maneno ni ya Gore kweli, na namba haikubaliwi na mtu aliyetajwa kuwa chanzo chake. Kuna pia la tatu: picha nyingi huondoa asilimia, "inaweza" na "baadhi ya miezi", zikabaki na "Gore alisema barafu itaisha 2013".

Hatua ya 7: Siku za mwisho zihesabu kwenye kalenda

Tarehe 13 Mei 2014, Laurent Fabius, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, akiwa Washington na John Kerry, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alisema tuna siku 500 za kuepuka machafuko ya tabianchi. Hesabu siku 500: unafika Septemba 2015. Kisha fungua kalenda ya diplomasia ya wakati huo utaona mkutano wa tabianchi wa Paris, ambao Ufaransa ilikuwa mwenyeji na Fabius mwenyewe akauongoza, ulifunguliwa tarehe 30 Novemba 2015. Alikuwa anapigia debe makubaliano yake. Ni siasa za kuhimiza, na ziitwe hivyo.

Vivyo hivyo Simon Stiell, katibu mtendaji wa UNFCCC na waziri wa zamani wa Grenada, alipozungumza Chatham House, taasisi ya utafiti wa masuala ya kimataifa jijini London, tarehe 10 Aprili 2024 kuhusu miaka miwili ya kuiokoa dunia. Hicho kilikuwa kichwa cha hotuba, na alianza kwa kukiri kwamba wengine watakiona kimetiwa chumvi. Miaka miwili yake ililenga mipango mipya ya kitaifa ya tabianchi ambayo nchi zilitakiwa kuwasilisha 2025.

Hatua ya 8: Usiliamini kanusho kama lilivyo

Kwenye mdahalo wa tarehe 26 Septemba 2016, Hillary Clinton alisema Donald Trump anaamini mabadiliko ya tabianchi ni uongo uliotengenezwa na Wachina. Trump akakatiza: hakusema hivyo. Lakini tarehe 6 Novemba 2012 alikuwa ameandika Twitter kwamba dhana ya ongezeko la joto ilibuniwa na Wachina kwa manufaa yao ili viwanda vya Marekani vishindwe kushindana. Neno "uongo" halimo kwenye posti ile, na baadaye alidai ulikuwa utani. Lakini ukisoma posti yenyewe utaona kanusho lake lina nguvu kiasi gani. Posti za zamani zitafute kwenye Wayback Machine, hazina ya kurasa za zamani za mtandao iliyoko web.archive.org, na wewe mwenyewe hifadhi huko kila ukurasa unaoutumia.

Sauti bila picha iogope zaidi. Novemba 2023 ilisambaa sauti bandia ya Sadiq Khan, meya wa London, iliyotengenezwa kwa akili mnemba, na ilifanana naye sana. Usipoteze muda kusikiliza pumzi na mikwaruzo. Uliza sauti hiyo ilirekodiwa kwenye shughuli gani, na nani mwingine alikuwepo. Na programu za mazungumzo za akili mnemba usiziulize nukuu halafu ukazitumia kama ushahidi, maana hutunga maneno na tarehe bila kupepesa.

Hatua ya 9: Angalia waliotangulia

PesaCheck, Africa Check, AFP, JamiiCheck na Nukta Fakti hufanya kazi hii, na baadhi yao kwa Kiswahili. Huenda wameshaimaliza yako. Soma viungo walivyoweka, usiishie kwenye muhuri wa "uongo" au "kweli", kwa sababu kauli iliyokatwa haienei vizuri kwenye mihuri hiyo.

Hatua ya 10: Andika ulichokuta

Jibu liwe fupi na liwe na mambo manne: alisema au hakusema, wapi na lini, kilichokatwa, na kiungo chenye dakika. Kwenye grupu la familia, ambako mtumaji ni mkubwa wako, lugha ina kazi yake pia:

"Shikamoo mjomba. Ile picha ya mbunge wa Marekani nimeifuatilia. Maneno ni yake, New York, 21 Januari 2019, ila sentensi imekatwa. Alisema dunia itaisha baada ya miaka 12 kama hatutashughulikia mabadiliko ya tabianchi, akiwasemea vijana wanaolalamika kwamba wakubwa wanauliza gharama tu. Miaka 12 inatokana na ripoti ya 2018 iliyoweka lengo la 2030. Ripoti haisemi dunia itaisha. Video nimeiweka hapo chini, na dakika ya kuanzia."

Mjomba anaweza kuendelea kumchukia mbunge huyo, na ana haki yake. Usigeuze uhakiki kuwa kampeni ya kumsafisha mtu.

Na kama umetafuta ukakosa, usiandike "hakusema". Andika "sijaipata", kisha taja ulikotafuta: Hansard ya tarehe fulani hadi fulani, chaneli ya Ikulu, UN Web TV, kwa lugha fulani. Mwingine mwenye video ya mkutano ule kwenye simu yake ataanzia hapo ulipoishia.